Hedifoni za Baba Ethel

Hedifoni hazifi zenyewe, zinauawa. Miaka ishirini na mbili nimekaa kwenye kibanda changu hapa Newala mjini nikizifungua zilizouawa na wenye nazo, na bado mtu anakuja na uso mkavu ananiambia, "Fundi, imekufa tu, sijui imepatwa na nini." Unajua vizuri sana imepatwa na nini. Uliuzungusha waya kwenye simu ukaukaza kama unafunga mbuzi. Ulilala nazo ukagaagaa mpaka asubuhi. Ulizichomoa kwa kuvuta waya badala ya kushika pini, kila siku, mwaka mzima, halafu unamlaumu aliyezitengeneza. Ule waya wa ndani ni mwembamba kama unywele wa mtoto. Hauna roho saba.

Nilikuwa nawaambia wateja wote maneno hayo, tena kwa sauti ya juu, na ndiyo maana mjini wananiita Fundi Taratibu. Jina langu hasa ni Awadhi, asili yetu Masasi. Huku juu nilifuata kazi nikakaa. Sijawahi kuamini habari za majini kwenye vyombo vya umeme. Wananiletea redio inayoongea yenyewe, nafungua, nakuta kiungo kimelegea. Wananiletea spika inayonguruma bila kuguswa, nakuta mende amezalia ndani. Nasema haya mapema msije mkanidhania kuwa ni mtu wa kuona vitu.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa, Alhamisi, saa nne hivi za asubuhi, nilisikia "Shikamoo, fundi," na sauti nikaijua kabla sijainua kichwa. Alikuwa Dorika wa Mkunya, Mama Ethel, mjane wa Nikolao.

Nikolao alikufa mwezi wa saba. Alikuwa na mashine ya mgongoni ya kupulizia salfa, ile dawa ya unga, na msimu wa dawa alizunguka kwenye mikorosho ya watu tangu umande wa alfajiri mpaka jua linapokausha majani. Mashine ile ina kelele za kuchezesha meno. Basi akawa anajifunga kitambaa puani na mdomoni, anavaa hedifoni kubwa za kufunika masikio, anapuliza huku anasikiliza muziki wake. Hedifoni zenyewe nilimuuzia mimi. Nilimtengenezea mara tatu. Mkorosho uliokuwa unakatwa ulimwangukia shambani, na alipoangukiwa alikuwa nazo mikononi.

"Marahaba, Mama Ethel. Pole tena," nikasema.

Alikuwa amekonda. Alitoa kwenye mkoba kopo la maziwa ya unga, akafungua kifuniko, na ile harufu ya njiti ya kiberiti ikajaa kibandani. Ndani ya kopo zilikuwamo hedifoni za Nikolao, zimelala kwenye unga wa njano kama mayai kwenye pumba.

"Hii nini, Mama Ethel?"

"Salfa, fundi. Nimezihifadhi. Mende na sisimizi wasiziguse."

Huku juu ndivyo wanavyofanya. Kila msimu salfa inabaki kidogo kwenye mfuko, na watu hawatupi. Wanaimwaga pembeni mwa nyumba kufukuza nyoka, wanainyunyiza kwenye kapu la mbegu, hata kwenye sanduku la nguo za kanisani. Kitu cha thamani lazima kipate salfa yake. Hakuna aliyewaambia kwamba salfa na shaba hazipatani kabisa. Salfa inaila shaba polepole, inaitia weusi, inaifanya ikauke kama kijiti kilichoungua, na siku moja waya unakatika bila mtu kuugusa. Hasira yangu iko karibu siku zote, na siku ile haikunisubiri.

"Miezi miwili umezilaza kwenye sumu!" nikamfokea. "Ungezifuta jasho, ukazifunga kitambaa kikavu, ukaziweka kabatini bila kuupinda waya, zingekaa miaka kumi. Umeziua mwenyewe!"

Dorika alifunga kifuniko cha kopo, akakifungua tena.

"Ndivyo wanavyosema na kule Chiungutwa kwa wakwe zangu," akasema. "Kwamba nimeua."

Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Nikamvutia kiti, nikamwomba radhi, nikamwambia mimi mdomo wangu hauna breki. Akaitikia kwa kichwa tu. Hakuwa amefuata radhi.

"Hazijafa zote," akasema. "Sikio la kulia limekufa kweli. La kushoto lina kitu. Vaa."

"Tuchomeke kwenye simu kwanza."

"Hazitaki simu, fundi. Wewe vaa."

Nikazivaa, pini ikining'inia hewani haijaunganishwa na chochote. Dorika akashika waya chini kidogo ya sikio la kushoto, akaupinda taratibu kwa kidole na gumba, akitafuta mahali. Akapapata.

Kwanza nilisikia mvumo, mbali, unapanda na kushuka. Ilikuwa mashine ya mgongoni. Hakuna mtu wa huku asiyeujua mlio ule. Halafu mvumo ukazama, kama mtu amepunguza mafuta. Halafu sauti ya mwanaume, karibu mno, nzito, imezibwa na kitambaa, ikasema, "Naam, Mama Ethel?" Kukawa kimya. Mvumo ukaanza tena toka mwanzo.

Nilizivua, nikaziweka mezani, nikaanza kuongea haraka haraka. Nikamweleza kwamba kiungo kikishaingia uchafu kinaweza kunasa redio, nimeona hayo mara nyingi, hata spika isiyo na umeme inaweza kutoa taarifa ya habari. Nilieleza vizuri sana. Lakini sauti ile niliifahamu kama ninavyofahamu sauti za watu wa nyumbani kwangu.

"Redio gani inayomjua Mama Ethel?" akaniuliza.

Nikamuuliza anataka nini hasa nimfanyie, naye akanisimulia.

"Siku ile nilimpelekea uji," akasema. "Alikuwa mstari wa mwisho, mpakani, na ng'ambo ya mpaka jirani yetu Erasto alikuwa anaangusha mikorosho iliyozeeka kwa msumeno wa mota. Wingu la salfa limejaa, Erasto hamwoni Nikolao, Nikolao hamwoni Erasto. Mimi nilikuwa upande wa juu, nawaona wote wawili. Nikaona mkorosho unainama. Nikaita, Baba Ethel! Nikaita mpaka koo likachanika. Na alisikia, fundi. Akapunguza mashine, akasimama."

"Alisimama?"

"Avue hedifoni, anisikie vizuri. Si ulimkataza kuzivuta kwa upande mmoja? Nyumbani alituonyesha mimi na Ethel, anacheka, anasema fundi atanichapa. Akasimama, akaweka mkono huu hapa, na huu hapa, akaziinua." Dorika aliweka viganja vyake juu ya masikio, akaviinua polepole juu ya kilemba chake. "Akaitika. Nilikiona kitambaa kinacheza mdomoni. Mti ukamkuta hapo."

Alieleza bila lawama hata chembe, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda kisimani.

Aliendelea. Erasto aliapa msibani kwamba hakusikia mtu akiita. Angesikiaje, na msumeno unanguruma mikononi mwake? Na wiki ile Dorika na mumewe walikuwa wamegombana, majirani wote walisikia. Anjelina, mama yake Nikolao, alitoka Chiungutwa kuja kumzika mwanawe, akayachukua maneno hayo mawili akayaunganisha: mke aliuona mti, akanyamaza. Msiba ulipoisha akaondoka na Ethel, mtoto wa miaka saba.

Mtu wa huku atashangaa. Kwa Wamakonde mtoto ni wa upande wa mama, na Anjelina analijua hilo kuliko mimi.

"Wajomba zangu wanasema twende tukamchukue hata kesho," Dorika akasema. "Nimewakataza. Nikimchukua kwa nguvu atakuja, lakini atakua akijua kwamba mama yake alitazama akanyamaza. Mwezi uliopita nilikwenda kumwona. Akajificha nyuma ya bibi yake, akaniuliza, mama, kwa nini hukumwita baba?"

Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Nataka amsikie baba yake anaitika. Yeye na bibi yake. Mara moja tu inanitosha. Lakini kila siku sauti inapungua. Zifanye zidumu, fundi. Wewe ndiye unayejua zinavyodumishwa."

Nilifungua sikio la kushoto mbele yake. Waya wa ndani ulikuwa mweusi kama masizi, nyuzi karibu zote zimekatika, umebaki uzi mmoja au miwili. Nikamwambia ukweli. Nikikwangua ule weusi na kuunga upya, hedifoni zitapiga kama mpya. Lakini sauti ile imekaa kwenye huo weusi, na nikiukwangua siahidi kama itabaki. Nisipougusa, labda siku tatu.

"Usiuguse," akasema.

Tukapatana twende Chiungutwa Jumamosi. Akaniachia hedifoni, akisema kwangu zitakuwa salama zaidi kuliko kwake. Alinishukuru. Nilimtazama akiondoka na kopo lake la salfa, nikatamani arudi anitukane.

Kwa sababu kuna jambo yeye alikuwa hajalipima, na mimi nilikuwa nimelipima pale pale. Mara tatu zile Nikolao alizoniletea hedifoni, ugonjwa ulikuwa mmoja. Mtu akimwita alikuwa anashika sikio moja, anavuta, anageuka. Waya wa kwenye upinde wa kichwani hauwezi kuvumilia hivyo. Mara ya tatu nilichoka. Nilimsimamisha hapa mbele ya kibanda, wateja wanatazama, nikamfundisha kama mtoto wa chekechea. Ukiitwa, simama kwanza. Mikono miwili, huku na huku. Inua kwenda juu, taratibu, bila kupinda. Nikamwambia, "Haya, Nikolao!" naye akavuta kwa mkono mmoja kwa mazoea, watu wakaangua kicheko, nikamrudisha upya. Nilimrudisha mara sita au saba mpaka ikawa anafanya bila kufikiri. Alikuwa mtu mpole, alinicheka tu. Nikampa mkono nikamwambia, sasa hizi zitakuzika. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, kwa utani.

Zamani, akiitwa, angevuta sikio moja huku anageuka na anatembea. Angeharibu hedifoni.

Siku mbili zile sikutengeneza kitu chochote cha maana. Nilizilaza hedifoni kwenye sanduku la mbao, juu ya flana safi, waya umenyooka, nikaapa sitazigusa. Saa moja haikupita nikazivaa. Nilijidanganya kwamba naangalia kama bado zi hai. Kweli yenyewe ni kwamba nilikuwa natafuta kitu ndani ya ule ukimya uliofuata baada ya "Naam, Mama Ethel?" Nilitaka kujua ulikuwa wa urefu gani. Nilikuwa naupinda waya, nasikiliza, nauachia, narudi kukaa, nainuka tena. Mteja akija namwambia njoo Jumatatu. Adhuhuri ya Ijumaa nilikosa swala ya jamaa, nimekaa na hedifoni kichwani, mkono kwenye waya. Na kila nilipoupinda ulikuwa unakatika kidogo. Mimi, Fundi Taratibu, nilijua hivyo, na niliendelea.

Jumamosi asubuhi tulipanda gari la Masasi. Dorika alizipakata hedifoni kama mtu aliyebeba mtoto mchanga kutoka hospitali, na tulipoanza kuteremka mlima alikuwa anazuia mtikisiko kwa magoti. Tuliposhuka tukachukua bodaboda mbili, tukaingia ndani vijijini. Kabla hatujafika aliomba tusimame kidogo. Akazivaa, akapinda waya. Akaupinda tena. Nikaona uso wake unavyobadilika.

"Labda mimi sipapati," akasema. "Wewe utapapata."

Anjelina tulimkuta uani anamenya muhogo. Mwanamke mrefu, mkavu, wa miaka sitini na kitu, ana macho ya mwanawe. Ethel alikuwa pembeni yake anapanga vipande kwenye ungo. Alipomwona mama yake aliinama zaidi kwenye ungo.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, karibu."

Dorika naye akaamkia. Anjelina akaitika huku anatazama muhogo.

Nilijieleza kwamba naitwa Awadhi, fundi wa Newala. Anjelina akaweka kisu chini. "Wewe ndiye uliyekuwa unamtengenezea Nikolao vyombo vyake? Alikuwa anakusifu sana. Anasema kuna fundi anampenda kama mwanawe, anamgombeza kabisa."

Sikujua pa kutazama. Dorika alieleza tulichokuja nacho, kwa maneno machache, na niliona Anjelina anakasirika kabla hajamaliza. Lakini alinigeukia mimi. "Na wewe mtu mzima umesikia?"

"Nimesikia, mama. Kwa masikio yangu."

Akazivaa. Nikapiga magoti nyuma yake, nikashika waya. Nilijua nilipogusa tu. Wenye kazi yetu tunaujua waya uliokufa, hauna ukinzani, unalala tu kidoleni. Hata hivyo niliupinda huku na huku, juu na chini, jasho likinitoka. Anjelina alifumba macho. Alisikiliza muda mrefu, kwa bidii, na hapo nikaelewa kwamba na yeye alikuwa anataka kusikia. Alitaka kuliko sisi sote.

"Hakuna kitu," akasema. Akazivua. "Nilijua. Mmekuja kunichezea, na mwanangu yuko kaburini."

Ethel akamtazama mama yake mara moja, halafu akarudisha macho kwenye ungo. Nimeona watu wakilia misibani, sijaona uso kama wa Dorika wakati ule. Hakulia hata kidogo.

Mkoba wangu wa kazi ulikuwa begani. Ningeweza kuzifungua pale pale, nikakwangua, nikaunga, zikapiga muziki jioni ile ile. Hakuna aliyekuwa anataka muziki. Ningeweza pia kuaga, nikarudi kwangu, na hakuna mtu duniani ambaye angenidai neno. Nilifikiri hivyo, sifichi. Halafu nikafungua mdomo.

"Mama, mwanao aliitwa," nikasema. "Huyu alimwita, na yeye alisikia. Aliyemchelewesha ni mimi."

Nikawaeleza yote. Mara tatu za matengenezo, watu walivyocheka mbele ya kibanda, simama kwanza, mikono miwili, taratibu. Nikaeleza hata ya siku mbili zile, kwamba sauti ilikuwepo na nimeimaliza mimi kwa uchu wa kuisikiliza. Nilipokuwa naongea Dorika alinigeukia polepole, na nikaona anaanza kupima lile ambalo hakuwa amelipima.

Anjelina hakupiga kelele. Alinipa hedifoni. "Vaa," akasema. "Tembea kuelekea kwenye ile mikorosho kama yeye alivyokuwa anatembea. Na wewe, mwite. Mwite kama ulivyomwita siku ile. Nataka kuona."

Nikazivaa. Dunia ikazibwa. Nikatembea nimewapa mgongo, nikisikia pumzi zangu tu, na unga wa salfa uliobaki kwenye sponji ukinipanda puani. Hatua kumi, kumi na tano. Hakuna aliyeita. Baadaye niliambiwa kwamba Dorika alijaribu mara ya kwanza sauti ikamkatika. Kisha ikaja, ndogo, kama mtu anaita kutoka ndani ya mtungi: "Baba Ethel!"

Niliazimia nizing'oe kwa mkono mmoja. Naapa nilikuwa nimeazimia hivyo. Miguu ikasimama. Mikono yangu ikapanda yote miwili, mmoja huku, mmoja huku, bila mimi kuiamuru, ikaanza kuinua taratibu kwenda juu. Kivuli kikanifunika kichwa na mabega, na jua lilikuwa nyuma yangu, ambako hapakuwa na mti. Nikataka kuruka. Mikono ilikuwa bado inainua. Haijamaliza. Nilikuwa na muda wa kuyatazama majani ya mkorosho mmoja baada ya mwingine, nilikuwa na muda wa kuogopa, na mikono ilikuwa bado inainua.

"Naam, Mama Ethel?"

Maneno yalitoka kinywani mwangu. Sauti haikuwa yangu. Mimi nina sauti nyembamba ya watu wa kwetu Masasi. Ile ilikuwa nzito, na ilikuwa imezibwa na kitambaa, na mdomoni kwangu hapakuwa na kitambaa.

Nilipogeuka Anjelina alikuwa amesimama, muhogo umemwagika chini. Ungo ulikuwa peke yake. Ethel alikuwa amemkumbatia mama yake kiunoni kwa mikono yote, amezika uso kwenye kanga, na Dorika alikuwa amemshika kichwa.

"Uliita," Anjelina akasema.

"Niliita, mama."

"Uliita, mwanangu." Akamsogelea akamshika bega, akambonyeza bonyeza lile bega. Baadaye akasema, "Ethel, kachukue nguo zako. Unakwenda nyumbani na mama yako."

Kisha akanijia mimi. Alisimama karibu mpaka nikahisi pumzi zake.

"Sema tena," akasema.

Nikajaribu. Ilitoka sauti yangu mwenyewe, nyembamba, ya mtu mzima aliyeishiwa mate. Akasema tena, nikasema tena. Mara ya tatu alinifunika mdomo kwa kiganja chake chenye utomvu wa muhogo, akaniziba kama anavyozibwa mtoto anayelia kanisani.

"Basi," akasema. "Mkwe wangu nimemkosea, nitamwomba radhi mpaka anisamehe. Wewe sijui nikufanye nini."

"Na mimi sijui, mama."

Akazichukua hedifoni mkononi mwangu, akaingia nazo ndani, akafunga mlango. Sikumwambia azifunge kitambaa kikavu, wala asiupinde waya. Safari ya kupanda kurudi Newala nilikaa siti ya nyuma, Dorika na Ethel wakakaa mbele. Tuliposhuka aliniaga vizuri, kwa adabu, bila kunitazama, na tangu siku hiyo hajakanyaga kibandani kwangu. Wala simlaumu.

Siku hizi wateja wanauliza mbona fundi amekuwa mpole, hotuba zimekwenda wapi. Juzi Faudhia, mwalimu wa pale shule ya msingi, alinunua kwangu hedifoni mpya, kubwa, za kufunika masikio. Akaniuliza afanyeje zidumu. Nikamwambia azifute jasho, asiuzungushe waya, aziweke mbali na salfa.

"Na mtu akikuita," nikasema, "zing'oe. Kwa mkono wowote ulio karibu. Zikikatika nitakuungia bure."

Akacheka, akadhani ni utani wangu wa siku zote. Akazivaa hapo hapo, akawasha muziki wake, akaondoka. Alipofika katikati ya barabara nikatoka nje ya kibanda, nikamwita kwa jina lake, kwa nguvu zangu zote. Hakugeuka. Nikamwita tena.